Audra McDonald: tuzo sita, na ratiba iliyozizaa

Agosti 17, 2025 tamthilia ya muziki ya Gypsy ilioneshwa kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Majestic, Broadway, New York, wiki saba kabla ya tarehe ya mwisho ambayo tiketi zake zilikuwa tayari zinauzwa. Mwigizaji mkuu alikuwa Mmarekani Audra McDonald. Hakuna mwigizaji aliyeshindania na kutwaa Tuzo za Tony, tuzo kuu za Broadway, nyingi kama yeye. Anazo sita, na ndiye wa kwanza kushinda katika makundi yote manne ya uigizaji: mhusika mkuu na mhusika msaidizi, katika tamthilia za kawaida na za muziki. Ikiwa jina zito namna hiyo halikutosha kuuweka hai mchezo katika ukumbi wa viti takribani 1,600, mara nane kwa wiki, hadi Oktoba, basi kuna haja ya kuuliza maisha hayo ya jukwaani yanamfundisha nini kijana anayetaka kuyaiga.

Wapo wanaosema McDonald ni ushahidi kwamba jukwaa linalipa uaminifu. Alizaliwa mwaka 1970, akasomea uimbaji wa klasiki katika chuo cha Juilliard, akahitimu 1993, na mwaka uliofuata tu akapata Tony ya kwanza. Kabla ya kutimiza miaka 28 alikuwa nazo tatu. Wengine wanajibu kwamba yeye ni kipaji kimoja kati ya maelfu, na kwamba kumtumia kama kielelezo ni kuwapoteza vijana. Hoja zote mbili zina nguvu, ila wanaozitoa wanaitazama zaidi kabati ya tuzo kuliko ratiba ya kazi, ilhali siri kubwa imo kwenye ratiba.

Anayeijua Broadway kwa sifa tu huenda hajui inavyomla mtu. Broadway ni kumbi 41 za New York, zenye viti 500 au zaidi kila moja. Wiki ya kawaida ina maonyesho manane ndani ya siku sita, na siku ya mapumziko mara nyingi ni Jumatatu. Hiyo ina maana kuna siku mbili ambazo mwigizaji anapanda jukwaani mchana, anashuka jioni, anakula kidogo, kisha anapanda tena usiku. Nyuzi za sauti ni misuli na ngozi laini, na zikitumika kwa nguvu huvimba. Mwimbaji aliyechoka akiendelea kusukuma, nyuzi hazifungi vizuri, hewa inavuja, naye anaanza kukaza misuli ya shingo na koo ili kufidia. Kwa wiki moja hakuna anayegundua. Kwa miezi minne ya mfululizo vinaweza kuota vinundu, na hapo daktari anaamuru ukimya wa wiki kadhaa. Ndiyo maana waigizaji wa kazi hii hulala sana, hunywa maji mengi, huvuta mvuke na hukwepa migahawa yenye kelele baada ya onyesho. Mazungumzo ya kupigizana kelele mezani huharibu sauti haraka kuliko wimbo wa juu ulioimbwa kwa ufundi.

Sasa tazama tuzo zake nne za mwanzo. Katika Carousel (1994) alikuwa Carrie, rafiki wa mhusika mkuu. Ana wimbo wake mmoja mkubwa, sehemu za kuchekesha na nyimbo za pamoja, lakini mzigo wa hadithi wanaubeba wengine. Katika Master Class (1996), tamthilia ya Terrence McNally kuhusu mwimbaji wa opera Maria Callas, alikuwa mwanafunzi anayeimba kipande cha opera ya Verdi, Macbeth, na anayetawala jukwaa usiku kucha alikuwa Zoe Caldwell. Katika Ragtime (1998) alikuwa Sarah, ambaye anaimba wimbo wa kuvunja moyo kwa mtoto wake mchanga, anaimba na mpenzi wake, kisha anauawa kabla ya mapumziko. Katika A Raisin in the Sun (2004) alikuwa Ruth, mke anayepiga pasi na kuhesabu senti, wala haimbi. Zote nne ni tuzo za mhusika msaidizi. Kwa miaka kumi alionekana, akasifiwa, akajifunza ufundi karibu na magwiji, na koo lake halikubebeshwa tamthilia nzima ila mara chache, kama katika Marie Christine, iliyofunguliwa Desemba 1999 na kumalizika Januari 2000. Hata huko alikuwa chini ya Lincoln Center Theater, taasisi isiyo ya kibiashara inayotegemea wanachama wanaolipia msimu mzima, si mauzo ya dirishani peke yake.

Hii ndiyo hoja bora ya wanaomtetea kama kielelezo, ingawa wao wenyewe huitaja kwa nadra. Alipokezana. Baada ya nafasi ya kuimba ilikuja nafasi ya kusema, na baada ya mzigo mkubwa ulikuja mdogo. Mwimbaji anayeruka kutoka nafasi kuu moja hadi nyingine akiwa na miaka 24 huwa maarufu haraka zaidi, na mara nyingi huchoka haraka zaidi.

Wapinzani wana jibu, na si dogo: nani anayepewa nafasi ya kuchagua? Kijana wa Broadway anachukua kazi iliyopo. Kima cha chini cha mshahara kwa mkataba wa Broadway kimepita dola 2,400 kwa wiki miaka ya karibuni. Ukiusoma mshahara huo Dar es Salaam au Mombasa unaonekana ni utajiri. Lakini wakala huchukua hadi asilimia 10, chama cha waigizaji, Actors' Equity, hukata takribani asilimia 2.5, kisha kodi zinapigwa mara tatu: ya serikali kuu, ya jimbo na ya jiji la New York. Tatizo kubwa zaidi ni idadi ya wiki. Mazoezi huchukua takribani wiki tano au sita, maonyesho ya awali kabla ya uzinduzi rasmi wiki tatu au nne, na wahakiki wakinuna au tiketi zikilala, mchezo unaweza kufungwa mwezi uleule. Mwigizaji aliyefanya wiki 15 kati ya 52 ana dola 36,000 kabla ya makato yoyote, ndani ya mojawapo ya miji ghali kuliko yote duniani. Bima ya afya ya chama nayo inahesabiwa kwa wiki za kazi. Mtu wa namna hiyo akipewa nafasi kuu inayomzidi sauti, ataikubali, na hakuna wa kumlaumu.

Hata McDonald hakuishi kwa jukwaa tupu. Kuanzia 2007 alihamia kwenye tamthilia ya televisheni Private Practice iliyokuwa ikitengenezwa Los Angeles, akaiacha 2011. Baadaye zikaja The Good Fight na The Gilded Age. Pembeni ana matamasha na okestra: usiku mmoja au miwili, nyimbo alizochagua mwenyewe, kisha siku kadhaa za kupumzika. Wapinzani husema: mnaona, hata malkia wa jukwaa alilazimika kwenda kutafuta riziki kwenye skrini. Hapo wanakosea kidogo. Miaka ile ilimpa fedha na umaarufu, kweli, lakini pia ilimpa mapumziko ya sauti kabla ya kazi ngumu kuliko zote alizokuwa amefanya hadi wakati huo.

Kazi hiyo ilikuwa toleo la 2012 la Porgy and Bess, opera ya George Gershwin. Katika jumba la opera, mwimbaji wa Bess huimba usiku mmoja, hupumzika siku moja au mbili, kisha hurudi. Broadway ilimtaka Bess aimbe kwa ratiba ya Broadway. Ndiyo sababu mojawapo ya toleo lile kufupishwa na sehemu nyingi za uimbaji-usemi kugeuzwa mazungumzo ya kawaida. Hata kabla halijafika New York lilizua ugomvi: Agosti 2011 mtunzi wa tamthilia za muziki Stephen Sondheim aliliandikia gazeti la New York Times barua kali akipinga kuichezea kazi ya Gershwin. Kwa upande wa muziki alikuwa na hoja. Kwa upande wa koo la mwanadamu, watayarishaji walikuwa na hoja pia. McDonald aliondoka na Tony ya tano.

Ya sita, ya Lady Day at Emerson's Bar and Grill mwaka 2014, ndiyo inayowanyamazisha wanaodhani yeye ni sauti nzuri tu. Alimwigiza mwimbaji wa jazz Billie Holiday katika siku zake za mwisho, na ili kuifikia sauti ile ilimbidi aifiche ya kwake: soprano, sauti ya juu ya kike, iliyofunzwa ikawa nyembamba, ya puani, yenye mikwaruzo, ikichelewa kidogo nyuma ya piano. Kuharibu sauti kwa makusudi bila kuidhuru, usiku baada ya usiku, ni ufundi mgumu kuliko kuimba vizuri.

Kisha kuna upande ambao mashabiki hawapendi kuugusa. Nyota anapokuwa mkubwa mno, mchezo unasimama juu ya miguu yake miwili. Tamthilia ya muziki Shuffle Along ilifunguliwa Aprili 2016 ikiwa na mtaji wa zaidi ya dola milioni 10. McDonald akapata ujauzito, na ikatangazwa kwamba Rhiannon Giddens angempokea nafasi. Kabla hilo halijatokea, watayarishaji waliamua kuufunga mchezo wote Julai 24, kisha wakaidai kampuni ya bima fidia mahakamani. Wachezaji wa kundi, wapiga muziki, wavalishaji na wafagizi wote walikosa kazi pamoja. Kumlaumu mama kwa kuzaa ni upuuzi. Kosa lilikuwa la mpango wa biashara uliouza jina moja badala ya kuuza mchezo. Hata hivyo, kijana anayeota kuwa "Audra ajaye" ajue kwamba ukubwa wa aina hiyo huwaweka wengine kwenye hatari ambayo yeye hatailipia.

Gypsy ilirudisha maswali yote kwa pamoja. Nafasi ya Rose, mama anayewasukuma binti zake jukwaani, iliandikwa 1959 kwa Ethel Merman, aliyekuwa na sauti ya kifua inayopaa hadi juu bila kupungua unene. Waliofuata, akina Angela Lansbury, Tyne Daly, Bernadette Peters na Patti LuPone, kila mmoja aliizoea kwa njia yake. McDonald ni soprano. Anapofika juu, mwili wake uliofunzwa unahamia sauti ya kichwa, na sauti ya kichwa ina mng'ao, haina ule ukali wa tarumbeta. Wahakiki waligawanyika. Wapo waliosema nyimbo zilipoteza meno, na wapo waliosema mpasuko kati ya sauti mbili ulimwonesha Rose kama mtu anayevunjika. Katika wimbo wa mwisho, pale Rose anapoporomoka, mpasuko ule unafaa kabisa. Katika wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, unaodai ushindi usio na shaka, unapunguza kitu. Lau angeusukuma kifuani usiku wote ili kuwaridhisha wapenzi wa Merman, pengine asingefika Agosti.

Kuhusu rangi nitapita haraka, ingawa wengi huanzia hapo. McDonald alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kumwigiza Rose Broadway, na Carrie wake wa 1994 alikuwa katika kijiji cha wavuvi cha jimbo la Maine ambacho kwa desturi kiliigizwa na weupe. Miaka miwili baadaye mwandishi August Wilson alihutubia akipinga ugawaji wa nafasi usiojali rangi. Aliona Waamerika Weusi wanahitaji kumbi na tamthilia zao, si kuazimwa nafasi katika hadithi za wengine. McDonald amefanya yote mawili, na hesabu ya tuzo inampa Wilson uzito fulani: Sarah, Ruth, Bess na Holiday, nne kati ya sita, ni wanawake Weusi walioandikwa hivyo.

Kuna njia nyingine, na msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu kwa jina. Lupita Nyong'o wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Yale mwaka 2009, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira. Alirudi kuicheza nafasi ileile Broadway 2016, akiwa tayari na Oscar mkononi, kwa miezi michache tu kisha akarejea kwenye filamu. Umaarufu ulitangulia, jukwaa likafuata, na tiketi zikauzwa kwa jina lililotengenezwa kwingine. Kibiashara hiyo ni njia salama zaidi. Lakini kwa anayeimba haijengi misuli ya maonyesho manane kwa wiki, kwa sababu misuli hiyo haipatikani mbele ya kamera.

Kipimo kizuri ni Ragtime iliyorudishwa Lincoln Center Oktoba 2025. Sarah aliigizwa na Nichelle Lewis, aliyeingia Broadway 2024 moja kwa moja kama Dorothy, mhusika mkuu wa The Wiz, kisha akachukua nafasi inayokufa kabla ya mapumziko. Alianzia pazito, akashuka penye uzito mdogo, kinyume cha mpangilio wa McDonald. Watu wa tuzo humtazama mwigizaji Juni. Walimu wa sauti hutaka kumsikia Jumatano jioni ya mwezi wa nne wa maonyesho, saa chache baada ya onyesho la mchana.