Kileleni si mahali pa kutazamia nyota

Kila anayerudi kutoka Kilimanjaro ana hadithi ya nyota. Mbane kidogo akueleze aliona nini usiku wa kupanda kileleni, naye atakiri kwamba aliona visigino vya aliyemtangulia. Hana kosa. Safari hiyo huanza kama saa sita usiku, baridi imeshuka chini ya sifuri, kila mtu na tochi yake kichwani, macho kwenye changarawe. Hata hivyo tunaendelea kuaminishana kwamba anga bora liko juu kabisa, mita 5,895. Mimi sikubali.

Mwinuko una faida, hilo halina ubishi. Mvuke na vumbi vingi hubaki chini, ndiyo maana wanaastronomia hupandisha darubini milimani: Mauna Kea kule Hawaii, mita 4,205, Paranal nchini Chile, mita 2,635, na Sutherland, Afrika Kusini, mita 1,800 hivi, ilipo darubini ya SALT. Lakini darubini haipumui. Jicho linahitaji oksijeni, na chembe zake zinazotuwezesha kuona gizani ni miongoni mwa za kwanza kulegea hewa ikipungua. Marubani hufundishwa kuwa uwezo wa kuona usiku huanza kushuka tangu mita 1,500 hivi. Kwenye Kilele cha Uhuru, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Huko Mauna Kea, wageni wanaotaka kutazama nyota kwa macho matupu hukaa kwenye kituo cha mita 2,800 hivi, na nyota hafifu huziona vizuri kuliko wakiwa kileleni.

Kwa hiyo usiku wako wa nyota ni ule wa uwanda wa Shira, kwenye njia ya Lemosho au Machame, mita 3,500 hadi 3,900 hivi. Hapo nako hewa si nyingi, lakini umeshashiba, hukimbizani na mapambazuko, na hakuna anayekuhimiza usogee. Mara nyingi mawingu yaliyopanda mchana huteremka jioni na kutanda chini ya kambi kama bahari, na yakitanda sawasawa taa za Moshi hazionekani tena. Toka nje ya hema, zima tochi, zima na simu (simu ndiyo adui mkubwa kuliko tochi), kisha subiri dakika 20 hadi 30 macho yazoee giza. Wengi hukata tamaa dakika ya tano.

Ukiwa pale mwezi wa Julai mapema usiku, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, utaona makundi mawili ya nyota: Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa akiinama upande wa pili. Mtu wa London hauoni huo Msalaba, na mtu wa Cape Town hampati huyo Dubu mzima. Ule ukanda mweupe wa galaksi yetu unapita penye huo Msalaba. Usitegemee rangi za zambarau unazoziona kwenye picha. Hizo ni kazi ya kamera, jicho huona weupe wenye mabaka meusi. Ukiamka kabla ya alfajiri, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko mashariki, kilekile ambacho wakulima wa pwani walikitumia kuhesabu misimu.

Kinachoniudhi ni biashara ya mwezi mpevu. Kampuni za utalii huziuza safari hizo kwa mbwembwe, na kweli mwezi ukiwaka njia ya kileleni huonekana vizuri. Lakini nyota ndogo zote zinamezwa, na mteja hakuambiwa. Sisi wenyewe tunaopanda kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, Desemba 9, hatuangalii mwezi kabisa. Tarehe ni tarehe. Kwenye kila tangazo la safari iandikwe mwezi utakuwaje kila usiku, mtu achague mwenyewe: njia yenye mwanga au anga lenye nyota.

Na kama fedha ya Kilimanjaro haijapatikana, kuna Mlima Meru, kule Arusha. Kibanda cha Miriakamba kiko mita 2,500 hivi, unakifikia siku ya kwanza ya kupanda. Panga safari usiku wa mwezi mwandamo, miezi ya ukavu, na ubebe koti zito, maana kutazama nyota ni kukaa tuli.