Muhtasari wa Kikao Haumsafishi Eisenhower

Wiki iliyopita, kwenye kipindi cha redio hapa Dar es Salaam, mchangiaji mmoja aliyetambulishwa kama mtaalamu wa historia aliulizwa kama Marekani iliagiza Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, auawe. Akajibu kwa upole kabisa: nyaraka za kikao cha Ikulu ya Marekani cha Agosti 1960 zipo, zimesomwa, na hakuna mahali Rais Dwight Eisenhower ametoa amri hiyo. Yaliyobaki, akasema, ni kumbukumbu za wazee. Mtangazaji akamshukuru, wimbo ukapigwa.

Hasira haijanitoka tangu siku hiyo. Mchangiaji hakusema uongo. Muhtasari wa kikao upo, na kweli amri haimo ndani yake. Kinachoniuma ni kumsikia msomi akichukua karatasi iliyoandikwa na serikali yenye kila sababu ya kunyamaza, halafu ukimya wa karatasi hiyo anaugeuza kuwa ushahidi.

Turudi kwenye kikao chenyewe. Ni Alhamisi, 18 Agosti 1960. Congo haijatimiza miezi miwili ya uhuru. Jeshi limeasi, jimbo la Katanga, chini ya Moïse Tshombe, limejitenga tangu Julai 11, askari wa Ubelgiji wamo, wa Umoja wa Mataifa wamo, na Lumumba ameomba msaada Moscow. Siku hiyohiyo Larry Devlin, mkuu wa kituo cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), anatuma telegramu akidai kwamba Wakomunisti wanaitwaa serikali ya Congo na kwamba muda uliobaki wa kuzuia Cuba nyingine ni mdogo. Washington, Baraza la Usalama wa Taifa linakutana Ikulu, katika chumba cha vikao vya mawaziri, Rais akiwa kwenye kiti chake. Pembeni ameketi ofisa anayeandika yanayosemwa. Anaitwa Robert Johnson.

Muhtasari alioandika unasomeka leo. Unaonyesha Rais aliyekasirika: haiwezekani Umoja wa Mataifa ukafukuzwa Congo, na wanayemzungumzia ni mtu mmoja tu anayetaka kuwatoa huko, Lumumba, akiungwa mkono na Wasovieti. Kuhusu kuua, hakuna neno.

Miaka 15 baadaye, 1975, kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilipokuwa inachunguza njama za CIA za kuua viongozi wa nje, Johnson alikwenda akaapa na kusema jambo ambalo mkono wake mwenyewe haukuliandika. Kwamba katika kikao kimoja cha kiangazi kile Eisenhower alitamka kitu ambacho yeye, akiwa palepale, alikielewa kuwa ni amri ya kumuua Lumumba. Maneno yenyewe hakuyakumbuka. Alichokumbuka ni mshtuko alioupata. Hakuna aliyejadili, kikao kikaendelea na mambo mengine. Alisema pia kwamba kwa desturi ya kazi yake, kauli ya aina hiyo angeiuliza kwa wakubwa wake iandikwe vipi, na yaelekea ama ilifichwa ndani ya maneno laini ama iliachwa kabisa.

Hapo ndipo ningependa mchangiaji wa redioni asimame kidogo. Shahidi huyu si mpita njia. Ndiye aliyeishika kalamu. Mwandishi wa waraka anapokuambia chini ya kiapo kwamba waraka wake haukuundwa kubeba jambo kama lile, huwezi tena kuutumia waraka huohuo kumpinga.

Na wala hili halikuwa la Johnson peke yake. Mwaka 1948, enzi za Rais Truman, aliyemtangulia Eisenhower, Baraza hilohilo lilipitisha waraka uitwao NSC 10/2. Ndani yake iliandikwa wazi kwamba shughuli za siri zipangwe kwa namna ambayo zikifichuka, serikali ya Marekani iweze kukana na ikaaminika. Yaani kutoliweka jina la Rais kwenye karatasi ilikuwa sera, imeandikwa na ina namba ya jalada. Mtu anayetafuta amri yenye saini ya Eisenhower anatafuta kitu ambacho serikali nzima ilikuwa imejipanga kisizaliwe.

Basi tuache sauti ya Rais, tufuate nyayo zilizobaki. Agosti 25, kikundi kidogo kilichokuwa kinaidhinisha shughuli za siri kinakutana, na Gordon Gray, msaidizi wa Rais wa masuala ya usalama, anakiambia kwamba wenzake wana hisia kali sana kuhusu haja ya kuchukua hatua ya moja kwa moja. Kamati ya Church ilielezwa kwamba kwa "wenzake" alimaanisha Rais. Kikundi kinakubaliana kwamba mipango ya Congo isiondoe uwezekano wa hatua yoyote itakayosaidia kumwondoa Lumumba. Kesho yake, Agosti 26, mkurugenzi wa CIA Allen Dulles anampelekea Devlin telegramu: wakubwa hapa wamefikia uamuzi ulio wazi, kuondolewa kwa mtu huyu ni lengo la haraka na la kwanza, na kituo kinaruhusiwa kutumia hadi dola 100,000 bila kuuliza makao makuu. Septemba 19, Eisenhower anazungumza na Lord Home, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, na kumbukumbu ya mazungumzo hayo inasema Rais alitamani Lumumba aangukie kwenye mto uliojaa mamba. Hilo liliandikwa. Wiki moja baadaye mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, anatua Léopoldville akiwa na sumu.

Kutoka kikao cha Agosti 18 hadi sumu kufika Congo hazikupita hata wiki sita.

Devlin naye alihojiwa na kamati, kwa jina la bandia. Akasema alimuuliza Gottlieb nani kaidhinisha jambo zito namna hii, akaambiwa ni Rais. Mwaka 2007, akiwa mzee, akayarudia hayo kwenye kitabu chake, akaeleza kwamba sehemu ya sumu ilitiwa ndani ya tyubu ya dawa ya meno, kwamba hakuitumia, aliifungia kwenye sefu ya ofisi na mwisho akaitupa kwenye Mto Congo. Huyu hakuwemo Ikulu. Hakuwa amekaa na Johnson kupanga maneno. Mmoja alikuwa Washington na mwenzake Léopoldville, na kumbukumbu zao zinamwelekea mtu mmoja.

Sasa niseme yale ninayolazimika kuyakubali, ingawa siyakubali kwa furaha. Johnson mwenyewe aliiambia kamati kwamba kadiri alivyolifikiria alianza kuwa na mashaka: huenda alichosikia kilikuwa amri ya kumng'oa Lumumba kisiasa tu. Alichoweza kukithibitisha ni alichohisi siku ile. Douglas Dillon, naibu waziri wa mambo ya nje aliyekuwemo chumbani, hakukumbuka amri ya wazi, ila alisema Rais angeweza kutamka kwa ujumla kwamba lolote la lazima lifanyike kumwondoa mtu yule, na Dulles akalichukua hilo kuwa ruhusa. Jenerali Andrew Goodpaster, katibu wa karibu wa Eisenhower, alikana. Mwana wa Rais, John, alisema baba yake asingepanga jambo ovu kama lile mbele ya watu zaidi ya 20. Na kamati, baada ya yote hayo, iliandika kwamba kuna msingi wa kuridhisha wa kudhani Rais aliidhinisha, lakini ushahidi una utata kiasi kwamba haikutoa hukumu. Ikaongeza kwamba haikuona ushahidi kuwa Marekani ilihusika moja kwa moja katika mauaji yenyewe ya Januari 17, 1961, yaliyofanywa Katanga na watu wa Tshombe, maofisa wa Kibelgiji wakiwemo.

Nayakubali. Ila tazama wanaokana wanasimama wapi. Goodpaster na John Eisenhower ni watu waliompenda Rais, wana jina la kulinda, na wanasema hawakusikia au haiwezi kuwa. Johnson hakuwa na cha kupata. Alikuwa ofisa wa kawaida aliyebeba jambo miaka 15, na alipolitoa alilitoa pamoja na mashaka yake. Shahidi anayekuonyesha mpaka wa kumbukumbu yake mimi namwamini zaidi kuliko anayekana bila kupepesa.

Hili la kuzidharau kumbukumbu za wazee linanigusa kwa sababu ya mjomba wangu wa Kigoma. Alikuwa kijana mdogo habari za kifo cha Lumumba zilipotangazwa. Anasema watu walijazana nje ya duka la mfanyabiashara aliyekuwa na redio, wengine wamevuka ziwa siku za karibuni, na mama mmoja Mbembe akakaa chini palepale akilia. Nilimuuliza, "Mjomba, ilikuwa lini hasa?" Mwaka hakuutaja. Akanijibu, "Zilikuwa zimebaki siku tatu nne tufunge." Nikaenda kutazama kalenda. Kifo kilitangazwa Jumatatu, 13 Februari 1961, na Ramadhani ya mwaka ule ilianza mnamo tarehe 17. Mzee huyu hana karatasi yoyote, lakini ana mfungo, na mfungo umemshikia tarehe kwa zaidi ya miaka 60. Kumbukumbu hupimwa. Unauliza ulikuwa wapi, na nani, kabla ya nini na baada ya nini, kisha unalinganisha. Karatasi nayo ipimwe vivyo hivyo: nani aliandika, kwa ajili ya nani, na alikatazwa kuandika nini.

Kuhusu hifadhi zenyewe, nitasema kwa ufupi. Kabla ya sheria ya 1978, nyaraka za rais wa Marekani zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi, na za Eisenhower ziko kwenye maktaba yake Abilene, Kansas, kwa sababu alizitoa mwenyewe. Juzuu la serikali ya Marekani kuhusu Congo ya 1960 hadi 1968, lenye nyaraka za shughuli za siri, lilitoka 2013. Ndani yake bado kuna mistari iliyozuiwa, na mahali pake kumeandikwa kwamba haijaruhusiwa kutolewa. Zaidi ya nusu karne imepita na bado wanachagua tusome nini.

Maofisa wa Eisenhower walipotoka madarakani, Chuo Kikuu cha Columbia kilianza kuwahoji na kuhifadhi simulizi zao, mradi mzima uliopangwa vizuri. Kumbukumbu zao zikaitwa historia simulizi, zikapewa rafu na orodha. Kwa nini za kwao ziwe historia na za kwetu ziwe hadithi za wazee?

Na si kwamba za kwetu hazikuwekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake kwa karibu picha 100, na mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaieleza picha moja baada ya nyingine. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Katanga, cha mtaani, kilekile kilichokuwa kikisemwa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, siku Lumumba na wenzake waliouawa pamoja naye, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliposhushwa kwenye ndege wamefungwa na wamepigwa. Katika picha ya kifo chake, Lumumba amelala chini na nyuma yake ipo misalaba mitatu, kwa kuwa Tshibumba alimwona kama Yesu wa nchi ile. Msomi wetu atasema picha hiyo si ushahidi wa nani aliagiza nini Washington. Sawa, si ushahidi wa hilo. Ni ushahidi wa jinsi watu wa mji alikouawa walivyolibeba jambo lile wakati Mobutu akitawala na kuulizauliza kulikuwa hatari. Mazungumzo ya namna hiyo yamewekwa bure kwenye intaneti, kama ilivyo kwa juzuu la 2013. Sijawahi kusikia kipindi kimoja cha redio yetu kikiyasoma yote mawili kwa pamoja.

Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1961 sasa anakaribia 80 au ameshaipita. Wako Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, wako Kalemie, wako Ujiji. Simu yoyote ya mkononi inarekodi. Anayekwenda kuwauliza awaulize kama mwanasheria, asiende kuwachombeza waseme anachotaka: ulisikia kwa nani, ulikuwa unafanya nini saa ile, nani mwingine alikuwepo ambaye yuko hai. Ajitaje jina lake mwanzo wa kinasa na ataje tarehe. Mzee akisema hakumbuki, aiache sentensi hiyo ndani, asiikate.