"Lakini Alicheka"

Msimamizi anayepita mapokezi asubuhi akimwambia kila mtu "umependeza leo" hajamkosea yeyote. Maneno hayo hayo yakiingia WhatsApp saa nne usiku, kwenye simu ya kibarua anayetegemea msimamizi huyo aendelee kumpa kazi kila mwezi, hapo pana neno.

Unyanyasaji wa kingono kazini ukitajwa, wanaume wengi ofisini wana hofu mbili, nami sizibezi. Wanasema siku hizi huwezi hata kumsifu mtu, na kwamba shutuma moja inaweza kukumaliza kabla hujasikizwa. Hii ya pili ina uzito: kamati inayohukumu kwa uvumi huwaponza hata walalamishi wenye haki. Ile ya kwanza ilishajibiwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Kinachokatazwa ni kumtaka mtu kingono kwa ahadi au kwa vitisho, pamoja na lugha, picha au vitendo vya kingono visivyotakiwa na vinavyomharibia mtu kazi.

Utata uko kwenye idadi ya mara. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006 inamlenga mwenye mamlaka anayeng'ang'ania kumtaka mtu asiyetaka, huku Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ukisema hata tendo la mara moja linaweza kuwa unyanyasaji. Mahakamani, ambako adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili, naelewa kwa nini kung'ang'ania kuthibitishwe. Kazini sioni sababu. Aliyeshikwa kiuno stoo asubiri mara ya pili ya nini?

Halafu kuna utetezi wa "lakini alicheka". Alicheka, kweli. Nami nimecheka utani mwingi wa mabosi usiochekesha, hasa mwisho wa mwezi. Kicheko cha anayeogopa kufutwa hakithibitishi kwamba amependa, na kutokukataa waziwazi vilevile.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kisheria awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili. Niliwahi kuiona moja: kurasa mbili za Kiingereza, zimebandikwa ndani ya ofisi ya meneja, na mstari wa mwisho ukielekeza malalamiko yote yapelekwe kwa meneja.