Sukari ni kimiminika? Mwache mtoto abishe

Daftari la sayansi la darasa la tatu unalijua hata kabla ya kulifungua. Safu tatu zilizopigwa rula. Yabisi: jiwe, meza, kitabu. Kimiminika: maji, maziwa, mafuta. Gesi: hewa, moshi, mvuke. Chini kuna alama ya vema nyekundu na tarehe, mada imekwisha, kesho tunaingia kwenye mimea.

Nafundisha watoto wadogo hapa Arusha, na hili nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya walimu wenzangu: kinacholiharibu somo ni zile safu tatu zenyewe. Mtoto akishazinakili anaondoka akiamini kwamba mafuta ni kimiminika kama mbuzi alivyo mnyama, kazaliwa hivyo na atakufa hivyo. Lakini mafuta hayana hali moja ya kudumu. Joto likibadilika nayo hubadilika, na somo lipo hapo kwenye kubadilika.

Chukua mafuta ya nazi. Tanga na Dar mara nyingi utayakuta yanamiminika. Huku kwetu, mwezi wa saba, ukiamka asubuhi unayakuta meupe na magumu chupani, na anayetaka kujipaka inabidi atumbukize chupa kwenye maji ya moto kwanza. Mpaka wake ni kama nyuzijoto 24: chini ya hapo yanaganda, juu ya hapo yanayeyuka. Watoto wanaliona jambo hili nyumbani kila msimu wa baridi, lakini kwenye madaftari silioni. Mimi naanzia hapo. Chupa moja inakaa dirishani penye jua, ya pili kivulini, na swali ni moja: tuyaandike safu ipi? Watabishana. Wapo watakaoapa kwamba yaliyoganda si mafuta tena. Waache waape, kisha zibadilishe chupa nafasi.

Safu ya gesi ndiyo yenye makosa zaidi. Moshi si gesi tupu. Gesi zimo, lakini kile unachokiona ni vipande vidogo mno vya yabisi pamoja na vitone, ndiyo maana paa la jiko la kuni linajaa masizi. Na lile wingu jeupe juu ya birika limeshageuka kuwa vitone vya maji. Mvuke wenyewe hauonekani. Uko kwenye ile nafasi ndogo kati ya mdomo wa birika na pale wingu linapoanzia, mahali ambapo ungedhani hapana kitu. Waonyeshe kwa mbali, maana hapo ndipo panapounguza vibaya zaidi.

Halafu kuna sukari. Tunawakaririsha kwamba kimiminika huchukua umbo la chombo. Mtoto makini atauliza: mwalimu, na sukari je? Inamiminwa, na ikiwa kikombeni ina umbo la kikombe. Nimesikia swali hili likijibiwa kwa "kaa chini". Jibu lake ni tamu mno kulinyima darasa. Mimina sukari mezani, inafanya kichuguu. Maji hayafanyi kichuguu. Sasa chukua punje moja, iangalieni vizuri: ina pembe zake, na ukiihamisha kutoka glasi kwenda bakuli haibadiliki. Kumbe kikombe kile kimejaa yabisi ndogondogo nyingi. Mchanga vivyo hivyo, unga vivyo hivyo. Asali huwa wanaitilia shaka kwa sababu ya uzito wake, basi weka kijiko kimoja sahanini muendelee na mengine. Mkirudi mtaikuta imesambaa yenyewe.

Linaloniuma zaidi ni nyuzijoto 100. Kitabu kinasema maji huchemka hapo, na hakidanganyi, ila kinazungumzia usawa wa bahari. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa huo. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko wa Tanga, kwa hiyo maji yanawahi kuchemka, kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kileleni Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, yanatokota kwenye 80 na kidogo. Ndiyo sababu maharage ya huku yanakula mkaa kuliko ya pwani: maji yakishatokota hayaongezeki joto, hata uchochee vipi. Sasa mpe mwanafunzi wa Arusha kipimajoto. (Si kile cha kupimia homa, kitapasuka.) Atasoma 95. Atatazama ubao, atafuta, ataandika 100, na sisi tutampa vema.

Erasto Mpemba hakufuta. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto badala ya kusubiri yapoe, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile mgeni aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, Mpemba akiwa wakati huo Chuo cha Mweka, kile cha wanyamapori, mlimani Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa nini, na wapo waliolipima wasilione. Sawa tu. Mtanzania ana jina lake kwenye fizikia ya dunia kwa sababu ya swali la aiskrimu, alisoma kwenye mlima unaoonekana na watoto wa Moshi kila asubuhi, na ni nadra kumsikia akitajwa kwenye mada hii.

Kwa gesi yenyewe, nunua mabomba ya sindano duka la dawa, yasiyo na sindano. Vuta hewa, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, sukuma. Linaingia, na ukiliachia linarudi. Jaza maji, sukuma tena: halisogei. Mtoto aliyesukuma kwa mkono wake mwenyewe hatakuambia tena kwamba chupa tupu haina kitu. Kisha leta kiberiti cha gesi, kile cha plastiki inayoonyesha ndani, ukitikise mbele yao. Ndani mna majimaji. Ni gesi iliyokandamizwa hadi ikawa kimiminika, kama ile ya kwenye mtungi wa jikoni. Kiberiti hicho kishikwe na mwalimu, kisizungushwe.

Ile michoro ya vidoti vilivyobanana na vidoti vilivyotawanyika mimi ningeiacha hadi madarasa ya juu. Mtoto wa miaka tisa ataichora vizuri sana bila kuelewa inasema nini. Afadhali muda huo umwendee Ol Doinyo Lengai, mlima wa mkoa wetu wenyewe. Lava yake hutoka na nyuzijoto 500 hadi 600, karibu nusu ya joto la lava za volkano nyingi. Hutoka nyeusi, hutiririka upesi, na ikikaa siku kadhaa inapauka na kuwa nyeupe. Jiwe, lile la kwanza kwenye safu ya yabisi, linatiririka! Na barafu ya Kibo, ambayo sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, inauvuruga ule mshale wetu wa yabisi kwenda kimiminika kwenda gesi.

Najua nitakachoambiwa: watoto ni wengi, vifaa hakuna, mtihani unataka fasili. La wingi wa watoto nalikubali, na kelele zitakuwepo. La vifaa silikubali, maana sukari, chupa na mafuta havisubiri bajeti. Kuhusu mtihani, mtoto aliyebishana nusu saa juu ya mafuta ya nazi hatashindwa kuchagua "maji" kati ya A, B, C na D. Ila wanaotutungia mitihani ya ujirani mwema, ile inayofanywa kwa pamoja na shule jirani, waache kuuliza "kipi kati ya hivi ni gesi" wakitaka jibu liwe moshi.

Kinachofuata darasani kwangu ni magadi ya makande na maji ya limao ndani ya chupa, puto likiwa limevalishwa mdomoni. Yabisi na kimiminika vinakutana, puto linavimba bila mtu kupuliza. Mzazi atakayejaribu nyumbani atumie chupa ya plastiki, akinge macho ya watoto na magadi, na asithubutu kufunga kizibo.