Tairi ya meno au ya lami? Ubishi wa kijiweni kwetu Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Kuna ubishi pale kijiweni kwetu kwa bodaboda Nkuhungu hauishi, unaanza asubuhi kabla abiria hawajatoka, unapumzika saa sita jua likiwaka, unarudi tena jioni. Sio Simba na Yanga. Ni tairi. Kuna wanaosema ukiwa Dodoma weka tairi za meno mbele na nyuma basi umemaliza, na kuna wanaosema meno ni ushamba, weka tairi za lami pikipiki itulie. Mi nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, nimeteleza nikiwa pande zote mbili, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua.

Kilichonifanya niandike ni jirani yangu. Mimi na yeye tuna Boxer 150 zote mbili, zimepishana umri miezi kama mitatu tu, zinahudumiwa na fundi mmoja. Yake ina meno mbele na nyuma. Yangu mbele ina ile ya mistari mirefu inayozunguka tairi nzima, nyuma ina ya lami ya kawaida. Sasa ukishuka kwenye moja ukapanda nyingine unaweza kuapa hazijatoka kiwanda kimoja. Yangu ukiielekeza inaenda, ya kwake unaielekeza inafikiria kidogo halafu ndo inaenda, na mikono inawasha kama umeshika mashine ya kusaga. Injini ile ile, fremu ile ile, tofauti ni mpira tu.

Nianze na watu wa meno maana wana hoja nzito kuliko wanavyochukuliwa. Dodoma limekuwa jiji 2018, wizara ziko Mtumba, lami inaongezeka kila mwaka, lakini we toka kwenye barabara kubwa mita mia mbili uone. Mchanga. Na sio mchanga wa kuchora mstari kwa kidole, ni ule wa kwenye korongo, umelala mzito, kiangazi chote kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja hauna tone la maji la kuushikanisha. Tairi ya mistari ikiingia pale mbele inageuka jembe, inalima badala ya kupita, usukani unakwenda kushoto we unataka kulia, na ukipaniki ukashika breki ya mbele ndo umeshalala na mzigo juu yako. Tairi ya meno inauma mchanga, kila jino linachimba na kusukuma, mbele inashika mstari uliouchagua na nyuma inakupa msukumo hata ukiwa umebeba. Mtu anayekwenda Hombolo kufuata zabibu au anayepeleka abiria vijiji vya ndani huko Bahi na Chamwino, huwezi kumwambia meno ni ushamba akakuelewa. Mvua zikianza Desemba ule udongo mwekundu ukilowa ndo kabisa, tairi ya lami mifereji yake inajaa tope dakika mbili, baada ya hapo unaendesha donati.

Watu wa lami nao wanasema hela iko mjini, na ni kweli, mtu wa kijiweni siku nzima yuko lami, Nkuhungu, Sabasaba, Area C, stendi ya Nane Nane, Mtumba, anarudi. Kwenye mchanga anaingia dakika tano kwa siku. Kwa nini ateseke saa kumi kwa ajili ya dakika tano? Na kwenye lami meno yana shida yake ambayo wengi hawaioni kwa sababu wameizoea. Kila jino limesimama peke yake kama mtu mmoja mmoja kwenye foleni. Ukilaza pikipiki kwenye kona uzito unakuja pembeni, jino linapinda kwanza halafu ndo linashika, na kule kupinda ndo kile unachokisikia kama pikipiki inaelea, kama kuna kitu kimelegea kwenye rimu ukamuita fundi akaze spoku wakati spoku hazina kosa. Pia kati ya jino na jino pako wazi, kwa hiyo mpira unaogusa barabara ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa macho. Lami ikilowa, breki ya meno inachelewa, hiyo haina mjadala. Halafu meno yakiliwa yanaliwa vibaya, upande mmoja unaisha kabla ya mwingine, yanakuwa kama ngazi, na mlio wa meno kwenye lami, ule kama wa nyuki, unageuka mlio wa trekta.

Kuna siku tulienda Iringa kwa pikipiki, safari ya kilomita mia mbili na sitini hivi, mimi nikiwa na meno wakati huo. Dodoma mpaka Mtera barabara imenyooka sikuona tabu zaidi ya mikono kufa ganzi. Tulivyoanza kupanda Nyang'oro na zile kona zake, ndo nikajua. Wenzangu wanalaza pikipiki bila wasiwasi, mi naingia kona nikiwa nimenyooka kama nimemeza ufagio, maana kila nikilaza nasikia inakaa, inateleza kidogo, inakaa. Haikuniangusha. Ila ilininyima imani, na dereva asiye na imani na tairi anashika breki katikati ya kona, ambako ndo pabaya kuliko kote.

Sasa ubishi wote huu mi naona umekaa vibaya kwa sababu watu wanaongelea tairi kama kitu kimoja. Kuna ya mbele na kuna ya nyuma, na hazifanyi kazi moja.

Kijiweni mtu akienda kununua tairi anawaza ya nyuma. Inaeleweka, ya nyuma ndo inaisha haraka, ndo inabeba abiria, ndo inavuta. Ya mbele inakaa miaka, wengine wanachukua ile ya nyuma iliyochoka wanaihamishia mbele "imalizie malizie". Mi nasema hapo ndo tunajiua. Nyuma ikiteleza mara nyingi una nafasi, mkia unacheza, unaachia mafuta taratibu, unajikusanya, moyo unadunda lakini umesimama. Mbele ikiteleza huna nafasi, unakuta uko chini kabla hujamaliza kusema mama. Na karibu kila unachokiita "hisia" ya pikipiki kinapitia mbele, wepesi wa usukani, kujua lami ina utelezi au haina, kujua breki imefika mwisho, yote yanakuja kwenye viganja kupitia ile tairi nyembamba ya 2.75, yaani upana wa inchi 2.75. Kwa hiyo kama una hela ya tairi moja nzuri na moja ya kawaida, nzuri iende mbele. Najua hii inawaudhi watu, nimeshabishana nayo sana.

Ile ya kuweka 3.00 mbele badala ya 2.75 nayo ina pande mbili. Wanaoipenda wanasema inabeba vizuri na kwenye mchanga haizami sana, kweli kabisa. Lakini usukani unakuwa mzito, pikipiki inachelewa kugeuka, kwenye foleni ya gari pale Jamatini unaiona tofauti. Na mshale wa spidi nao unadanganya kidogo kwa sababu kwenye nyingi za hizi pikipiki waya wa spidi unatoka gurudumu la mbele, tairi ikiwa kubwa zaidi inazunguka mara chache, unasoma 60 wakati uko zaidi. Vijana wanaoweka linene nyuma kwa ajili ya muonekano sitawasema sana, ila wajue rimu nyembamba inalibana lile tairi linachongoka katikati, na mlimani gia ya nne inashindwa mapema.

Kitu kingine ni ugumu. Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi ambayo watu hawasomi, mojawapo ni 4PR au 6PR, yaani kipimo cha uimara wa tabaka za tairi. Ile ya 6PR ni ngumu zaidi, imetengenezwa ibebe. Pia utaona namba kama 52P, hiyo 52 maana yake tairi moja inabeba kilo 200 na P ni mwendo mpaka kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu ya boda wetu: pikipiki kilo 120 hivi, dereva 70, abiria 70, gunia la mahindi kilo 100. Hiyo ni 360 na sehemu kubwa imelala nyuma, gunia na abiria wote wako juu ya gurudumu la nyuma. Umeshavuka zile 200. Kwa mtu wa namna hiyo 6PR sio chaguo, ni lazima. Ila ukimpa mtu asiyebeba, anayeenda ofisini peke yake na begi la laptopu, tairi ile ile inakuwa kama gogo, kwenye rasta inaruka, kwenye kona haikuambii chochote, haikunji hata kidogo ishike barabara. Tairi inayodumu na tairi inayoongea na wewe mara nyingi sio tairi moja. Mpira laini unashika ila unaisha, mpira mgumu unadumu ila mvua ikinyesha unakuwa sabuni, na atakayekwambia ana vyote kwa bei ya chini huyo anauza.

Wengine wanasema 6PR na meno vinasaidia miiba. Nusu kweli. Ugumu unasaidia. Meno hayasaidii sana kwa sababu mwiba wa mgunga hauchagui, unapita katikati ya meno ambako mpira ni mwembamba, na tyubu ikishatobolewa upepo unatokea kwenye matundu ya spoku haraka, sio kama zile zisizo na tyubu zinazovuja kidogo kidogo mpaka unafika kwa fundi.

Nikubali na kosa langu. 2021 nilinunua tairi ya mbele kwa bei ya kutupwa, duka silitaji, ilikuwa inang'aa na vinyweleo vyake vya mpira bado vipo. Mpya kabisa kwa macho. Mvua ya kwanza ya Desemba, ile inayoamsha vumbi na oili iliyolala kwenye lami tangu mwezi wa tano, nashika breki taratibu kwenye makutano, mbele ikaondoka kama imevutwa na kamba. Nilichubuka kiwiko, suruali ikaisha. Baadae kabisa ndo nikaangalia ubavuni zile tarakimu nne, 1416. Wiki ya kumi na nne, mwaka 2016. Miaka mitano, na kwa jua letu hili, ukiwa umening'inizwa nje ya duka mpira unakauka bila hata kutembea. Ukibonyeza kwa kucha haibaki alama. Kwa hiyo hata ukiwa upande wa lami, lami yenyewe haikusaidii kama mpira umeshakuwa kuni.

Na upepo. Hapa nisipoongea nitakuwa sijasema kitu, maana nusu ya malalamiko ya "tairi mbaya" ni upepo. Hizi pikipiki za 125 na 150 mara nyingi zinataka psi 25 hivi mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Kijiweni kwetu mtu anajaza mpaka tairi inalia ukiipiga teke, anasema isile mafuta. Inakuwa ngumu, inagusa barabara katikati tu, inaisha katikati inakuwa bapa, halafu siku ukilaza kwenye kona inadondoka ghafla kutoka kwenye ule ubapa kwenda pembeni. Wa mchanga wanafanya kinyume, wanapunguza mpaka tairi inalala, kwenye mchanga kweli inasaidia sana, hata tairi ya lami inaweza kuvuka korongo namna hiyo. Ila wakirudi lami hawaongezi, tyubu inazunguka ndani ya rimu, valvu inakatika. Upimaji nao ufanye asubuhi tairi ikiwa baridi, kwa sababu ikishapata moto inaongezeka yenyewe tatu au nne, ukiipunguza hapo kesho asubuhi iko chini.

Jumamosi iliyopita mi na jirani tukabadilishana pikipiki, tukaenda Hombolo kwenye kashamba kake ka zabibu tukarudi. Kwenye mchanga yeye kwa tairi zangu alitembea miguu chini kama bata, mi na meno yake nilipita nimekaa, nikamkubalia hadharani. Kurudi, tulivyogusa lami pale Ihumwa, kakata kona mbili tatu halafu kanisubiri mbele, kavua kofia, ananiuliza, "Kaka, hii umeifanya nini kwenye usukani?" Sijafanya kitu. Tukakubaliana kwamba yeye njia yake ni mchanga kweli, nyuma abaki na meno, mbele atafute ile ya katikati yenye meno mafupi yaliyobanana, inayouma mchanga kiasi na isiyopinda sana kwenye lami.

Juzi nimemkuta kwa fundi kaweka meno mapya nyuma. Mbele bado ile ile iliyoliwa upande. Kasema ya mbele atanunua zabibu zikitoka.