Eti Bado Naweza "Kazi Yoyote"

Barua ya bima imefika Jumatatu. Aya tatu, adabu tele. Madai yangu ya ulemavu wa kudumu yamekataliwa kwa kuwa "bado ana uwezo wa kufanya kazi inayolingana na elimu na uzoefu wake." Kufundisha, kwa mfano. Ahsanteni sana.

Mie ni daktari wa meno, hapahapa Tanga, na gumba langu la kulia halikunji tangu bodaboda ilipotubwaga Chumbageni. Sasa, gego la chini halitoki kwa digrii. Unalikamata kwa koleo, unalisukuma nje, unalirudisha ndani, unausikilizia mfupa unavyolegea, na gumba ndilo linalokuambia zidisha au acha. Wiki niliyorudi kazini koleo likanichomoka mbele ya bibi mmoja wa Makorora. Akanitazama, nusu ya mdomo imekufa ganzi: "Mwanangu, leo hujala?"

Ugomvi wangu wote uko kwenye neno kazi. Mkataba mmoja wa bima unasema umelemaa ukishindwa kazi yako mwenyewe. Mwingine unasema hapana, mpaka ushindwe kazi yoyote ambayo elimu yako inakuruhusu. Na hapo kadiri ulivyosoma ndivyo unavyoumia, maana msomi hakosi kiti cha kukalia! Nahodha wa jahazi akipofuka si bado anaweza kusimulia bahari? Basi hajalemaa huyo, arudi kazini.

Mtaniuliza, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi je? Huo ni wa madhara yatokanayo na kazi. Mie nilikuwa natoka harusini, Jumapili.

Haya, nakubali kwa shingo upande: bima ya "kazi yako mwenyewe" ni ghali zaidi, na wakala hakunidanganya. Sikumuuliza. Alikuja saa ya chai, kitumbua mkono huu, kalamu mkono huu, nikasaini Kiingereza cha mawakili kila alipotia alama. Mke wangu, anayesoma hata maandishi ya mfuko wa sembe, hajanisamehe mpaka leo. Habari za kipindi cha kusubiri kabla ya kulipwa, na za maradhi uliyokuwa nayo kabla ya bima, nilizisoma nikiwa nimefungwa hogo la plasta mkononi.

Jana wakala kanitumia ujumbe: "Dokta, shikamoo. Huna madaktari wapya wa kunitambulisha?"

Ninao wawili. Nimewapa namba yake. Nimewaambia wamalize chai kwanza, wanawe mikono, halafu wamwoneshe neno kazi lilipoandikwa, akae aeleze.