Soko la Shule Dar: Nani Anamchagua Nani?

Desemba iliyopita jirani yangu hapa Tabata, dada anayeuza vitenge Kariakoo, aliniita kibarazani kwake akanipa barua niisome. Ukurasa mmoja, muhuri wa wino wa buluu umepigwa juu ya sahihi ya mkuu wa shule. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha pili kwa wastani wa 47. Wastani unaotakiwa na shule ni 55. Barua ilimshukuru mzazi kwa ushirikiano, ikamshauri amtafutie mtoto "shule itakayomfaa", na mstari wa mwisho ukamkumbusha deni la basi. Kwa miaka miwili dada huyu amelipa ada kwa awamu nne kila mwaka, nyingine akaitoa kwenye mchezo wa kupeana fedha na wenzake wa dukani. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, si mimi ndiye niliyeichagua hii shule?"

Swali lake ndilo ambalo watafiti wa elimu wamelihangaikia kwa miongo kadhaa, na nadhani linastahili kujibiwa kwa kina kuliko tunavyofanya tunapobishana kama shule binafsi ni nzuri au mbaya.

Hoja ya soko katika elimu ilipata umbo lake la kisasa mwaka 1955, pale mchumi Mmarekani Milton Friedman alipopendekeza serikali iendelee kugharamia elimu ila iache kuziendesha shule zenyewe. Mzazi apewe vocha, aipeleke shule anayoitaka, na fedha imfuate mtoto. Shule mbovu itakimbiwa, iliyo nzuri itajaa, na hofu ya kukimbiwa itawaamsha waliolala. Mtu wa Kariakoo haelezwi mara mbili: kitambaa kikichuja rangi, mteja anavuka barabara.

Tanzania hatukufika sokoni kwa njia ya vocha. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule nyingi zilitaifishwa, na kwa muda mrefu elimu ya msingi ilikuwa kazi ya dola. Sera ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua milango kwa watu binafsi. Ada ya shule za msingi za serikali ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Kwa hiyo Dar ya leo ina ngazi mbili: Kayumba, yaani shule za kawaida za serikali, ambako serikali inapeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na inglishi midiamu, ambako mzazi anajilipia kila kitu. Katikati kuna shule chache za serikali za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga. Ukitaka kuliona soko hili kwa macho, simama Tabata Relini saa kumi na moja alfajiri. Mabasi madogo ya njano yanapita moja baada ya jingine, taa za ndani zimewashwa, na watoto wa miaka mitano wamelala vichwa vikigonga vioo.

Siwezi kuwalaumu wazazi wanaowapandisha watoto kwenye mabasi hayo. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za msingi nchini uliwakuta karibu nusu ya walimu waliotarajiwa kuwa darasani hawamo darasani. Wengi walikuwa wamefika shuleni, ila hawakuwa mbele ya watoto. Mzazi wa Mbagala au Gongo la Mboto ambaye mwanawe anasoma katika darasa lililofurika hahitaji ripoti kumweleza hilo. Anaona daftari lisilosahihishwa. Shule ya binafsi inamwahidi mwalimu aliyepo, daftari lenye tiki, na Kiingereza. Tunaofundishwa sekondari kwa Kiingereza tunajua ahadi hiyo ya tatu ina uzito gani.

Sasa, je, watoto hao wanajifunza zaidi? Hapa utafiti mzuri una ugumu wake. Ukilinganisha tu matokeo ya shule binafsi na ya Kayumba, unalinganisha pia nyumba: yenye umeme na isiyo nao, mama aliyesoma na asiyesoma. Njia safi ni bahati nasibu. Watoto wengi wakiomba nafasi chache na kura ikaamua, waliopata na waliokosa wanakuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa ile kura.

Kolombia walifanya hivyo miaka ya 1990. Vocha zilitolewa kwa watoto wa familia maskini waende sekondari binafsi, na palipozidi waombaji ikapigwa kura. Joshua Angrist na wenzake walikuta kwamba waliopata vocha walimaliza darasa la nane kwa asilimia 10 zaidi ya waliokosa, na wakafanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Huo ni ushahidi wa upande wa soko, na mwenye kulipinga soko asiuruke.

Andhra Pradesh, India, kura kama hiyo ilifuatiliwa kwa miaka minne na Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman. Katika Kitelugu, lugha ya pale, na katika hisabati, watoto waliokwenda shule binafsi hawakuwazidi wenzao wa shule za serikali. Waliwazidi katika Kihindi, somo ambalo shule binafsi zilikuwa zikilitengea muda. Lakini kuna upande wa pili: shule hizo zilitumia kiasi cha theluthi moja tu ya gharama ya serikali kwa kila mtoto, kwa sababu ziliwalipa walimu wake kidogo sana. Kwa hiyo anayesema soko linatumia fedha vizuri yuko sahihi, na anayesema mtoto hajui hesabu zaidi yuko sahihi vilevile. Mimi kwa mzazi wa Dar naona hapo fundisho moja la moja kwa moja: mara nyingi unachonunua ni lugha. Kama ni hivyo, ujue unanunua lugha, na usidhani hesabu imekuja humo humo.

Marekani nako majibu yanapishana. Shule za mkataba (charter) za Boston, yaani shule za umma zinazojiendesha zenyewe kwa mkataba, zilizochunguzwa kwa njia ya kura ziliwapandisha sana watoto wa familia za kipato cha chini. Louisiana, waliopata vocha kwenda shule binafsi waliporomoka katika hisabati mwaka wa kwanza tu, na watafiti walibaini kwamba shule zilizojitokeza kupokea vocha zilikuwa zile ambazo tayari zilikuwa zikipoteza wanafunzi.

Lakini nchi inayotufaa zaidi ni Chile, kwa sababu wao walilifungulia soko taifa zima. Mwaka 1981, chini ya utawala wa Pinochet, vocha ilitolewa kwa mtoto yeyote aliyetaka kwenda shule binafsi. Shule mpya zaidi ya 1,000 zikafunguliwa. Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola walichukua takwimu za manispaa takriban 150, wakauliza swali ambalo mfuasi wa Friedman angependa liulizwe: mahali ambapo ushindani uliongezeka zaidi, je, elimu ya watoto wote kwa wastani ilipanda? Hawakuona ushahidi huo. Walichokiona ni watoto waliokuwa wakifanya vizuri kuhama shule za umma kwenda binafsi. Watoto walipangwa upya. Sheria iliziruhusu shule kuchuja na kutoza nyongeza, na njia rahisi ya kupata matokeo mazuri ikawa kupata watoto wazuri. Baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi mwaka 2006 na 2011, Chile ilirekebisha. Mwaka 2008 iliongeza thamani ya vocha ya mtoto maskini, na mwaka 2015 ikapitisha sheria ya kuzizuia shule zinazopokea fedha ya umma kuchagua wanafunzi.

Rudi sasa kwenye ile barua ya Tabata.

Sisi tunao ushahidi wetu wenyewe, wala haukutoka mbali. Mwaka 2013, chini ya mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule za msingi kwa nafasi kufuatana na mtihani wa darasa la saba na kuzitangaza hadharani. Mantiki ilikuwa ya soko: aibu na sifa zifanye kazi. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipochunguza kilichotokea, walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Ila walikuta pia kwamba shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofanya mtihani. Baadhi ya watoto hawakufikishwa kabisa kwenye chumba cha mtihani. Na hizo zilikuwa shule za serikali, zisizokusanya ada. Kwa hiyo mchujo hauletwi na ubinafsi wa mwenye shule peke yake. Unaletwa na kipimo kinachohesabu waliofaulu bila kuuliza walioachwa njiani.

Upande mwingine, sitaki tuone kila motisha kuwa sumu. Utafiti wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, uliofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, ulijaribu mambo matatu. Kundi moja la shule lilipewa fedha, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Kundi la pili, walimu waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Fedha peke yake haikuongeza alama za watoto. Bonasi peke yake ilitoa matokeo ya kuchanganya. Vyote viwili pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Angalia bonasi ilivyopangwa: mwalimu analipwa kwa mtoto huyu, kisha na yule. Kumwondoa aliye dhaifu hakumwongezei hata senti. Ni motisha ile ile ya fedha, ila hesabu yake haimpi mtu sababu ya kumfukuza mtoto.

Wenye shule nao wana la kusema, na nimewasikia wakilisema kwa uchungu. Hawapati ruzuku. Wana mkopo benki, mishahara, kodi, dizeli ya mabasi. Mzazi anayekuja ofisini kwao Januari haulizi mwalimu ana shahada gani, anauliza divisheni wani zilikuwa ngapi. Walimu wao wanasema pia kwamba darasa lenye watoto waliopishana sana linafundishika kwa shida. Yote hayo ni kweli. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora katika matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, lilipunguza sehemu ya shinikizo hilo, ingawa mabango ya barabarani yenye picha za wahitimu hayakushuka. Wizara nayo imezikemea shule zinazowaondoa watoto kwa wastani, zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, hoja ya "tusipochuja tutakosa wateja" inajivunja yenyewe. Sifa ya soko ni kwamba muuzaji anashindania mteja kwa ubora wa kazi yake. Shule inayochukua watoto kwa usaili, kisha ikawapunguza kidato cha pili, imehamisha kazi hiyo kwenda kwa wengine. Divisheni wani zake zinaweza kuwa za ufundishaji mzuri, au za mchujo mkali, na mzazi hana namna ya kuzitenganisha. Soko ambalo mnunuzi hajui anachonunua halimwadhibu muuzaji mbaya, wala halimlipi mzuri. Wanaoumia zaidi ni zile shule binafsi, nazo zipo hapa hapa Dar, zinazombeba mtoto wa wastani wa 40 hadi mwisho na kumtoa na divisheni tatu ya jasho.

Na ile ahadi ya kwamba ushindani utaiamsha Kayumba? Fikiria shule ya kata iliyofurika. Watoto ishirini wakihamia binafsi, mwalimu mkuu hapotezi mshahara wala hafungi milango. Anapumua. Wanaoondoka ni watoto wa wazazi wenye sauti, wale ambao kwenye kikao cha wazazi wangesimama kuuliza ruzuku imefanya nini. Wakishatoka, kikao kinakuwa kimya.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko kwenye kuzifunga shule binafsi wala kuzipangia ada. Uko kwenye hesabu moja. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili na ya mtihani wa kidato cha nne hutolewa mtandaoni, shule kwa shule. Baraza liweke namba mbili pamoja: wangapi walifanya upimaji wa kidato cha pili hapa, na wangapi kati ya hao hao wamefanya mtihani wa kidato cha nne hapa hapa miaka miwili baadaye. Kuna wanaohama kwa sababu mzazi kahamishwa kazi, na kuna wanaohamia, lakini shule iliyoanza na 120 ikamaliza na 70 itabidi ieleze. Mzazi hahitaji kusubiri Baraza. Fungua kurasa hizo mbili kwa simu, hesabu, kabla hujalipa fomu.

Nilimwonyesha jirani yangu namna ya kufanya. Tulikaa pale kibarazani na simu yake, yeye akisoma namba, mimi nikiandika nyuma ya ile barua. Shule ya binti yake ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya kidato cha pili cha miaka miwili iliyotangulia. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama ile shule ya kata anakokwenda binti Januari nayo ipo kwenye orodha, akaanza kuitafuta.